Baba alitoa mguu mahali niliposoma "kanyaga"

BARUA

Bi Mshauri, hujambo.

Mimi ni binti wa miaka 25, mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi ni za gari la mbio. Baba ndiye dereva, mimi ni mwelekezi wake, ninayekaa kando yake na kumsomea njia, mdogo wangu wa kiume ndiye fundi, na Mama ndiye kila kitu kilichobaki: chakula, mafuta, risiti na maombi. Hatuna mdhamini isipokuwa rafiki mmoja wa Baba anayetuuzia oili kwa bei ya kununulia. Gari letu ni Subaru Impreza kuukuu iliyopitia mikono minne kabla ya kutufikia, na tairi tunanunua zile ambazo timu kubwa zimeshazitumia.

Baba ana miaka 57. Mchezo huu ulimwingia akiwa mtoto, akisimama kando ya barabara siku za Pasaka kumngojea dereva Joginder Singh, yule aliyeitwa Simba. Mwaka 1976, Singh aliposhinda mbio za Safari kwa mara ya tatu, Baba alikuwa na miaka minane, na mpaka leo anaweza kukuonyesha mahali alipokuwa amesimama.

Zamani mwelekezi wake alikuwa Baba mdogo. Mwaka 2019 walipinduka, Baba mdogo akaumia uti wa mgongo. Anatembea, ila kwa fimbo, na hajarudi garini. Kisha ikaja 2021, mwaka ambao Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Tulikwenda Naivasha kutazama. Tukiwa njiani kurudi, nguo zimejaa lile vumbi laini kama unga, Baba akaniuliza kama ningeweza kujifunza kusoma noti, yale maelezo ya njia ambayo mwelekezi humsomea dereva. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Sasa nikueleze wikendi iliyopita, raundi ya kwanza ya msimu wa ubingwa wa taifa, kwenye njia za Kajiado. Giaboksi yetu ilikufa mwaka jana, na Baba alinunua nyingine kwa mkopo wa Sacco. Mmoja wa wadhamini wa mkopo huo ni mimi. Alhamisi tulilijaribu gari kwenye shamba la mtu tunayemjua, kipande cha kilomita tatu. Baba alitangulia na mdogo wangu ili asikilize giaboksi, nami nikabaki nje na saa. Kisha nikaingia mimi. Nikiwa ndani tulichelewa kwa sekunde tisa. Nilidhani ni tairi.

Jumamosi, mkondo wa pili, yaani kipande cha pili cha mbio, shokomzoba ya nyuma ikavunjika. Mdogo wangu alilala chini ya gari dakika ishirini, akatoka na kidole kinachovuja damu na meno yote nje kwa furaha. Mama alikuwa ananilisha chapati dirishani kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kadi ya muda na kalamu. Tuliingia kwenye kituo cha muda zikiwa zimebaki sekunde nane. Kila dakika ya kuchelewa pale ni adhabu ya sekunde 10, na sisi sekunde 10 tunazitafuta mwaka mzima.

Jumapili ndipo palipo shida yangu. Mkondo mrefu. Nilikuwa nasoma: "Kulia nne, usikate, mawe ndani. Mia. Kilima, kanyaga. Mia na hamsini. Kushoto tano." Nne na tano ni ukali wa kona, mia ni mita. Noti hizo tuliziandika pamoja tulipopitia njia, na neno "kanyaga" alilitamka yeye mwenyewe. Mwelekezi haangalii barabara, Bi Mshauri. Macho yako kwenye daftari, barabara anaisikia kwa kiuno. Nikasikia injini inashuka. Baba ametoa mguu. Kilima kilichofuata, vilevile. Nikawa naweka alama ya penseli pembeni mwa ukurasa huku nasoma. Mwisho wa mkondo alama zilikuwa kumi na moja.

Tulimaliza wa kumi na mbili kwa jumla. Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumaliza raundi ya kwanza. Mama alilia. Baba alitukumbatia mmoja mmoja, mpaka mtu wa matangi ya maji.

Jioni hiyo dereva mmoja kijana, mwenye gari la daraja la R5, lenye kasi kuliko letu, aliniita kando. Mwelekezi wake anahamia ng'ambo. Alikuwa amesikiliza video ya kamera yetu ya ndani, akapenda ninavyosoma. Anataka nikae naye msimu wote uliobaki: atalipia leseni, ovaroli na kofia, na kila raundi nitapata posho. Lengo lake ni Naivasha, Safari yenyewe. Ndiyo ndoto yangu tangu lile vumbi la 2021. Akamalizia: "Mzee wako amefika. Usizeeke naye." Neno lile liliniuma. Lililoniuma zaidi ni kwamba daftari lenye zile alama kumi na moja lilikuwa kwapani mwangu.

Nimepewa wiki mbili. Mdogo wangu anasema niende. Mama anasema nisimvunje Baba moyo, na tena, kukaa garini na kijana wa watu, watu watasemaje? Baba hajui lolote, si kuhusu ombi, si kuhusu alama. Aliwahi kusema kwa kutania kwamba siku nikiolewa atauza gari, maana hakuna mwingine anayemwamini kiti hicho.

Nimwambie Baba kwamba amezeeka? Au niondoke nikitoa sababu nyingine, kama kazi, ili asiumie? Au nibaki ninyamaze?

Mwelekezi, Nakuru

JIBU

Mwanangu Mwelekezi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili polepole, kwa sababu ya kwanza nilikuwa nimeshikwa na zile mbio zenyewe. Nakupongeza kwa kumaliza. Nampongeza na huyo mdogo wako wa chini ya gari.

Naona mambo mawili yamekufika siku moja, nawe umeyafunga kamba moja. La kwanza ni ombi la yule kijana, ambalo lingekuja hata kama Baba angekanyaga vilima vyote. La pili ni alama kumi na moja. Nikikusoma naona ombi limegeuka ushahidi wa alama, na alama zimegeuka ruhusa ya ombi. Tuzifungue kwanza tuone kila kimoja kikiwa peke yake.

Tuanze na alama. Umeandika, "Nimwambie Baba kwamba amezeeka?" kana kwamba hilo limeshajulikana na kilichobaki ni namna ya kulisema. Lakini umenipa pia habari ya Alhamisi, ukaipita haraka. Gari lilelile, njia ileile, Baba yuleyule mwenye miaka 57, akiwa na mdogo wako alikuwa mwepesi kwa sekunde tisa kuliko akiwa na wewe. Ukasema ni tairi, na huenda ni tairi kweli. Huenda alipokuwa na mdogo wako hakuwa akifuata noti bali akilikamua gari asikie giaboksi inasemaje. Lakini wewe ni mhasibu, na mhasibu hapiti tarakimu isiyolingana bila kuuliza. Kama ni uzee, kwa nini alizeeka alipobadilisha mtu wa kiti cha kushoto?

Kiti hicho ndicho alichokaa Baba mdogo mwaka 2019. Baba yako alikuwa kwenye usukani, akatoka mzima, na ndugu yake akatoka na fimbo. Miaka miwili baadaye akamweka binti yake palepale. Sisemi kwamba najua kilichomo moyoni mwake juu ya kile kilima. Nasema uwezekano upo kwamba mguu ule hautolewi na magoti ya mzee, unatolewa na baba wa mtu.

Kuna jambo jingine dogo, nawe mwenyewe umelisema vizuri kuliko mimi: mwelekezi haangalii barabara. Kwa hiyo mara kumi na moja ulisikia injini inashuka, lakini hukuona kilichokuwa mbele. Kajiado ni nchi ya ng'ombe na mbuzi. Jumapili watazamaji husogea mpaka ukingoni. Magari ya mbele huchimba njia na kutoa mawe ambayo hayakuwepo siku mlipoandika noti. Si lazima alama zote ziwe za aina moja. Tatu zinaweza kuwa mawe, mbili ng'ombe, zilizobaki hofu. Au zote hofu. Au macho. Mwenye jibu ni mmoja, na huyo bado hujamuuliza.

Sikufariji tu hapa. Kama ni hofu, nayo ni hatari ndani ya gari, maana dereva anayesikia "kanyaga" na kusita katikati analiweka gari mahali ambapo noti hazikulitarajia. Kama ni macho, anahitaji daktari wa macho kabla ya raundi ya pili, awe anaendesha na wewe au na mwingine. Kwa hiyo katika yale matatu uliyouliza, la kubaki na kunyamaza ndilo linalonipa wasiwasi wa karibu zaidi. Linaonekana la upole, na ndilo linalowarudisha nyote wawili kwenye kilima kilekile bila neno.

Na uzee wenyewe tusiutupe wala tusiukubali upesi. Januari 2022 dereva Sébastien Loeb alishinda mbio za Monte Carlo akiwa na miaka 47. Pembeni yake hakuwa Daniel Elena, mwelekezi waliyechukua naye ubingwa wa dunia mara tisa. Alikuwa Isabelle Galmiche, mwalimu wa hisabati mwenye miaka 50. Najua 47 si 57, na Loeb ana timu nzima nyuma yake, si Mama mwenye chapati. Naleta mfano huu kwa sababu mbili. Mguu wa dereva hausomwi kwenye cheti cha kuzaliwa. Pili, watu wawili waliofanana kama mkono na glavu, Loeb na Elena, waliachana, na kila mmoja akaendelea kuitwa jina lake.

Sasa lile ombi. Ni zuri, na sitaki ulione kama dhambi. Umeusomea mchezo huu miaka yote hii katika gari la mkono wa tano, na mtu ambaye si ndugu yako amesikia sauti yako akasema hii ndiyo ninayoitaka. Furahi, hata kama mwishowe utasema hapana. Ila nina maswali ambayo ningependa uyapeleke kwake kabla ya wiki mbili kwisha. Kabla ya huyu anayehama, wangapi wamekaa kiti hicho, na waliondoka kwa nini? Mkipinduka, bima ni ya nani na hospitali analipa nani? Ahadi ya msimu mzima imeandikwa, au akipata mwingine katikati utabaki bila gari lake wala la kwenu? Mtapata siku ngapi za kujifunza kusikilizana? Wewe umezoea sikio la mtu mmoja. Unajua Baba anataka noti mapema kiasi gani, unajua pumzi yake. Gari lile ni jepesi zaidi, na neno likichelewa nusu sekunde mko tayari kwenye kona.

Na lile neno lake, "usizeeke naye," ningelisikiliza tena kwa utulivu. Pengine ni ujana tu, kakosa adabu kwa sababu alikuhitaji sana. Pengine ndivyo anavyowaona watu wa pembeni yake, kama vifaa vyenye tarehe ya kuisha. Mkikutana, kunywa naye chai pamoja na mafundi wake na umsikilize anavyozungumza nao. Huko ndiko utajua.

Ukibaki, nako kuna gharama. Umeshaanza kuweka alama. Ukibaki kwa sababu ya huruma pekee, raundi ya tatu utaweka ishirini, na kila alama itakuwa deni unalomdai Baba bila yeye kujua amekopa. Naye atalisikia. Miaka ya kukaa pamoja ndani ya kofia zinazoongea imemfundisha sauti yako. Atajua siku itakapobadilika. Lakini kuna kubaki kwa namna nyingine pia: kubaki kwa kuwa unalipenda gari lile na meza ile ya chapati kuliko unavyopenda Naivasha. Hilo si kosa wala si uoga. Jiulize tu kama ni kweli kwako.

Suala la Sacco liweke kando, kwa maana ya kulipigia hesabu peke yake. Udhamini wako uko palepale ukienda au ukibaki. Kaa na Mama mwenye risiti muone kimebaki kiasi gani, na kama gari likisimama giaboksi ile inaweza kurudisha nini. Mkishaijua tarakimu, mkopo utaacha kuzungumza kwa niaba ya moyo wako.

Mama amesema mambo mawili. La watu watasemaje, mwambie kwa heshima kwamba kiti hicho ni kazi, na wanawake wameifanya kazi hiyo na madereva wasio ndugu zao mbele ya dunia nzima. Mwelekezi Fabrizia Pons alishinda na dereva Michèle Mouton huko Sanremo mwaka 1981, kisha mwaka 1997 akashinda Monte Carlo akiwa kando ya Piero Liatti, na mwanamke wa kwanza kumfuata katika kushinda raundi ya ubingwa wa dunia ndiye yule mwalimu Galmiche. Lakini usimjibu haraka. Mama huyu alishuhudia shemeji yake akitoka kwenye kiti kile, kisha akampeleka binti yake hapo na kumlisha dirishani. Huenda "watu watasemaje" ni neno lililo karibu zaidi na mdomo, na lililo nyuma yake ni "huko gari linakwenda kasi zaidi, na mimi sitakuwa na mtu wa familia kwenye usukani." Mwache alifikie mwenyewe.

Ama kutoa sababu ya uongo, kwamba ni kazi imekubana, naelewa huruma iliyomo. Ila mbio za magari hapa kwetu ni kijiji kidogo. Baba atakwenda kwenye raundi ya pili kutazama, hata bila gari, maana mtu wa 1976 hawezi kukaa nyumbani. Atakuona ukishuka kwenye gari la R5. Au ataambiwa kabla, na muuza tairi, katikati ya watu, asijue aweke wapi uso wake. Ukilinganisha uchungu huo na wa kuambiwa na wewe jikoni, naona wa jikoni anaweza kuubeba.

Kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako yote hasemi neno. Baba mdogo. Umenieleza aliumia nini na anatembea vipi, lakini hujaniambia ana maoni gani. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuwa ulipo, akasoma noti kwa mguu uleule, na anajua kilichotokea garini siku ile. Anajua pia kama wao wawili waliwahi kuizungumza. Kabla ya kumfikia Baba, ningependa ukae naye alasiri moja. Usiende na ombi mkononi. Muulize tu Baba alikuwa dereva wa namna gani kabla ya 2019.

Ukifika kwa Baba, usimkute garini, na usimkute mezani mbele ya wote. Ninyi mna kazi za mikono mingi. Chagua ile ya wawili, kuosha tope chini ya matao ya tairi au kusawazisha noti za zamani. Mfungulie ukurasa ule, umwonyeshe kilima cha kwanza, umuulize, "Hapa uliona nini?" Si "kwa nini ulitoa mguu?" Sikiliza mpaka amalize. Akisema jiwe, amini jiwe na uende kwenye alama ya pili. Anaweza kukasirika. Anaweza kucheka akageuza maneno. Anaweza kukaa kimya mpaka maji yakauke kwenye ndoo, na hapo usiujaze ukimya wake kwa majibu yako.

Habari ya ombi atahitaji kuisikia pia, siku hiyo au inayofuata, na iwe kama habari, hata kabla hujaamua. Labda atasema nenda. Labda nenda hiyo itakuuma kuliko kaa. Labda atasema anataka msimu huu mmoja tu na wewe, na itabidi upime kama kijana yule atangoja, na pengine hatangoja. Shujaa wake mwenyewe anaweza kukusaidia kuanza. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 katika Volvo, na aliyekaa kando yake alikuwa ndugu yake, Jaswant. Aliposhinda 1974 na 1976 katika Lancer, aliyekaa kando alikuwa David Doig. Mtoto wa miaka minane kando ya barabara ile alimshangilia Simba, na sidhani kama alimuuliza ndugu yake yuko wapi. Lakini mzee wa 57 anaijua hadithi hiyo yote kuliko mimi na wewe. Muulize yeye anaionaje.

Wiki mbili ni chache. Unaweza kumwomba kijana siku chache zaidi, na jinsi atakavyolipokea ombi hilo nayo itakuambia jambo juu yake.

Niandikie tena baada ya raundi ya pili, kutoka kiti chochote utakachokuwa umekalia, au kutoka kando ya barabara. Na unieleze Baba mdogo alisema nini.